Kusuka Mkeka kwa Kikoa: Kazi ya Mikono na Raha ya Marafiki

Katika nchi nyingi za dunia iko kazi ya mikono ambayo wanawake huifanya wakiwa wameketi pamoja, hata mtu akiwatazama hawezi kutambua upesi kama wamekusanyika kwa ajili ya kazi, ama kazi imeletwa ili wapate kukusanyika. Katika nchi za baridi kazi hiyo aghalabu ni kushona mfarishi, yaani tandiko la tabaka mbili za nguo lililotiwa pamba katikati, kisha likapigwa bandi toka pembe hata pembe. Huku kwetu Pwani, ambako baridi si adui mkubwa, kazi hiyo ni kusuka ukili na kushona mkeka.

Makala haya yana nia ya kueleza kazi hiyo jinsi inavyofanyika katika vijiji vya pwani ya kusini ya Kenya, kama vile Munje, na kuonyesha kwa nini marafiki wanaosuka pamoja hupata zaidi ya mkeka. Wako wasomaji wetu wa mjini ambao wamelala juu ya mkeka tangu utotoni wala hawakuuliza umetokaje mtini mpaka sakafuni. Wako na wa shamba waijuao kazi hii kuliko sisi. Hao tunawaomba watuvumilie, maana huenda nao wakakuta humu jambo moja au mawili ya kuwafaa.

KIJIJI NA SAA ZAKE

Munje ni kijiji kilicho kando ya bahari karibu na Msambweni, katika Kaunti ya Kwale, kusini ya kivuko cha Likoni. Wenyeji wa sehemu hizo ni Wadigo hasa, na riziki yao hutoka baharini, katika minazi, na katika mashamba ya muhogo, mahindi na kunde.

Katika kijiji cha namna hiyo asubuhi si ya mtu mwenyewe. Kuna maji ya kuteka, kuni za kuchanja, shamba la kupalilia, watoto wa kupeleka shule, na samaki wa kupaa kabla hajaharibika. Lakini baada ya chakula cha mchana, jua linapoanza kulegea, hupatikana saa moja au mbili ambazo hazidaiwi na mtu. Ndipo mwanamke huchukua kizingo chake cha ukili, akajitwika mtoto au akamwacha kwa mkubwa wake, akaenda kuketi upenuni mwa jirani. Wa pili huja, kisha wa tatu. Hakuna aliyepiga mbiu, wala hakuna aliyeandika barua.

Saa hizo ndizo tunazozisema. Ni chache, tena ni za thamani, na mtu mwenye busara huzitumia kwa namna ambayo mwili unapumzika, mikono ina shughuli, na moyo unapata wa kusema naye.

MIAA HUTOKA WAPI?

Mikeka ya Pwani hutokana na miti miwili ya jamaa ya mtende. Wa kwanza ni mkindu, ambao hupenda mahali penye unyevu, kama mabondeni na kando ya vijito. Majani yake huitwa ukindu. Ni laini, nayo ndiyo hufanyizwa mikeka myembamba ya kulalia na misala ya kuswalia. Wa pili ni mkoma, ambao hustahimili mchanga na jua kali. Miaa yake ni migumu zaidi, hufaa kwa majamvi, vikapu, makanda na kamba.

Jani linalotakiwa si lile lililokwisha kukunjuka na kuwa kijani kibichi. Linalotakiwa ni jani changa la katikati, lingali limejifunga kama mwavuli usiofunguliwa. Hilo likikaushwa hugeuka rangi, likawa jeupe lenye umanjano, tena halivunjiki upesi.

Hapa yapasa kutoa onyo. Jani changa hutoka katika moyo wa mti, na mti ukikatwa moyo wake hufa shina lile. Mkataji mwema huchukua jani moja tu katika shina, akaenda kwenye shina jingine, wala harudi pale mpaka mti umetoa jipya. Mkindu una heri moja, kwamba huota kwa vichaka na kutoa machipukizi chini. Lakini hata kichaka huchoka kikivamiwa na visu vingi kila juma.

Watu wa Kwale hawahitaji kufundishwa na mgeni maana ya kuhifadhi miti. Wazee wa Kimijikenda wamelinda misitu ya makaya kwa miiko tangu zamani, na kwa sababu hiyo miti iliyokwisha kutoweka kwingine ingali imesimama humo. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, ni mojawapo ya makaya yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia na shirika la UNESCO mwaka 2008. Kama wazee waliweza kuulinda msitu mzima kwa neno tu, basi akina mama wanne wanaosuka pamoja wanaweza kupatana juu ya kichaka kimoja cha mikindu: nani akate, lini, na kiasi gani.

KAZI KWA HATUA ZAKE

Kwanza, majani huchambuliwa kutoka katika uti wake na kuanikwa. Jua la mchana huyakausha na umande wa usiku huyalainisha, hata baada ya siku kadhaa yakawa meupe.

Pili, kila jani huchanwa kuwa miaa myembamba yenye upana mmoja. Mwenye mazoea hufanya kazi hii kwa ukucha au kwa ncha ya sindano, bila kutazama sana. Lakini hapa ndipo uzuri wa mkeka unapoamuliwa, maana miaa isiyolingana haiwezi kutoa ukili ulionyooka hata msukaji awe hodari namna gani.

Tatu, sehemu ya miaa hutiwa rangi. Zamani rangi zilitoka porini na jikoni: mizizi ya mdaa ilitoa rangi nyeusi, na manjano ya mchuzi ilitoa rangi ya jina lake. Siku hizi wengi hununua rangi ya unga dukani, wakaichemsha ndani ya sufuria kuukuu na chumvi kidogo, wakatumbukiza miaa mpaka iive. Sufuria hiyo isirudi tena katika kazi ya kupikia chakula.

Nne, miaa hunyunyizwa maji ili ilegee, kisha husukwa. Msukaji huanza na miaa michache aliyoikunja, huongeza mpaka upana autakao utimie, na baadaye kila mwaa unapokaribia kwisha huchomeka mwingine juu yake, hata ukili ukawa hauna mwisho. Ncha zinazojitokeza huachwa upande wa chini, zikaja kukatwa baadaye. Ukili husukwa pima kwa pima na kuzungushwa kuwa kizingo kama kamba ya nahodha.

Tano, kili hukatwa kwa urefu mmoja, zikalazwa ubavu kwa ubavu na kushonwa. Chombo chake ni shazia, yaani sindano ndefu na nene, na uzi wake ni ukindu wenyewe. Mshono mzuri hauonekani. Jicho huona maua na mistari ikipita moja kwa moja kutoka ukili huu hata ule, kana kwamba mkeka wote umesukwa kwa siku moja na kwa mkono mmoja.

Mwisho, kando zake hutiwa upindo usifumuke, na mkeka huanikwa kidogo kabla ya kukunjwa. Nao hukunjwa kwa kuviringishwa. Mkeka uliokunjwa kama shuka huvunjika mahali pa mkunjo.

HESABU YA MKEKA MMOJA

Sasa na tufanye hesabu kidogo, maana katika hesabu hii ndimo ilimo siri ya kusuka kwa kikoa.

Tuseme tunataka mkeka wa kulalia watu wawili, urefu wake pima moja, yaani mikono minne au shibiri nane, ambayo ni karibu na mita 1.8. Upana wake uwe karibu na mita 1.2. Ukili wetu una upana wa vidole vinne, ambao ni kama sentimita 7.5. Basi zitatakiwa kili 16 zilazwe ubavu kwa ubavu, na kila moja ina urefu wa pima moja. Kwa hiyo mkeka mmoja hula pima 16 za ukili.

Mwanamke mwenye shamba na watoto, akisuka shibiri moja na ziada kidogo kila siku, atamaliza pima moja katika juma zima. Akisuka peke yake atahitaji majuma 16, yaani karibu miezi minne, kabla hajashika shazia.

Sasa chukua wanawake wanne wenye mwendo huo huo, wakapatana kusuka kwa kikoa. Kila juma wanapata pima 4 baina yao. Baada ya majuma 4 wana pima 16, na mkeka wa kwanza washonwa na kupewa mmoja wao. Baada ya majuma 8 hupata wa pili, baada ya 12 wa tatu, na baada ya 16 wa nne.

Msomaji makini atasema: "Kazi haikupungua hata shibiri moja." Ni kweli. Kila mmoja amesuka pima 16, sawasawa na ambavyo angesuka peke yake. Lakini tazama tena. Yule wa mwisho amepata mkeka wake katika juma la 16, siku ile ile ambayo angeupata kama angekaa peke yake, hakuna alichopoteza. Wale watatu wengine wamepata mapema zaidi. Na kwa kuwa wao wenyewe ndio wapangao zamu, wanaweza kumpa wa kwanza yule mwenye haja iliyo karibu: mwenye binti anayeolewa mwezi ujao, au mwenye mkwe anayekaribia kujifungua, au aliyefiwa na hana cha kuwaketisha wageni wa matanga.

Hiyo ndiyo maana ya kikoa. Jasho la watu halipungui, ila matunda yake huwahi kumfikia yule anayeyahitaji kwanza. Wale wanaocheza mchezo wa fedha kwa zamu wanaijua hesabu hii vizuri. Hapa fedha zimebadilika kuwa ukili tu.

MIKONO MINNE, MKEKA MMOJA

Walakini shirika lina taabu zake. Mikono haifanani. Mmoja hukaza sana, mwingine hulegeza. Mmoja huchana miaa kama uzi, mwingine kama utepe. Kili za watu wanne zikishonwa pamoja bila mapatano, mkeka huvutana, ukawa na tumbo katikati, na haulali sakafuni. Na mkeka usiolala humkumbusha mwenyewe kila usiku juu ya rafiki aliyesuka ovyo.

Kwa hiyo marafiki wanaoanza kusuka pamoja yafaa wapatane mapema juu ya mambo haya:

1. Idadi ya miaa katika ukili mmoja iwe ile ile kwa wote.

2. Kukatwe kijiti kimoja cha kupimia upana, nacho kizunguke kwa kila mmoja.

3. Rangi ichemshwe siku moja katika sufuria moja, kisha igawanywe, ili nyekundu ya huyu isiwe waridi ya yule.

4. Kabla ya kushona, kili zote zitandazwe chini na kutazamwa na wote. Ukili uliokosa urudishwe siku hiyo kwa maneno mazuri, wala usipokewe kwa haya na kusengenywa kesho.

Kanuni ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ndiyo inayotambulisha urafiki. Ni rahisi kumwambia mtu kwamba kazi yake ni nzuri. Kumwambia shoga yako, "Huu fumua, nitakusaidia," na yeye akafumua bila kununa, hakupatikani kwa siku moja. Wanaofika hapo wamekwisha kuwa ndugu.

RAHA YA KUKAA PAMOJA

Baadhi ya mabwana hupita upenuni wakasema kwamba wake zao wamekaa kupiga soga. Wasiwe na haraka ya kuhukumu. Mikono ya msukaji ikisha kuzoea hufanya kazi bila kuamrishwa, na macho yake hayana haja ya kutazama kila mwaa. Hivyo masikio na ulimi vimebaki huru. Katika baraza ya namna hiyo huzungumzwa habari za mtoto mwenye homa isiyokwisha, na yule ambaye mwanawe alipata vivyo hivyo husema, "Usingoje, mpeleke hospitali leo." Huzungumzwa bei ya samaki, deni la dukani, na mwali aliyekataa mchumba. Jambo zito ambalo mtu hangethubutu kulisema uso kwa uso husemeka kwa wepesi macho yakiwa chini juu ya ukili.

Tena wasichana hujifunza hapo. Hawafundishwi kwa ubao na chaki, bali huketi karibu na nyanya au shangazi, wakapewa miaa mitatu minne iliyobaki, wakasuka ukili wa vidole viwili usio na kazi. Wakikosea huchekwa kidogo na kuonyeshwa tena. Mwana hutazama kisogo cha nina, na mikono yake vivyo hivyo.

Kwa mwanamke mzee ambaye jembe limemshinda, ukili ni heshima. Anaweza asitoke nje ya ua, lakini pima yake moja ya juma hufika katika hesabu sawa na ya kijana, na hapana anayeweza kumwita mzigo.

WENZETU WA NCHI NYINGINE

Jambo hili haliko kwetu tu, na mifano miwili yatosha kulionyesha.

Huko Bara Hindi, katika jimbo la Karnataka, wanakaa watu waitwao Wasidi. Asili yao ni Afrika. Wazee wao walichukuliwa kuvuka bahari zamani, wengi wao katika siku za utumwa, na baadhi yao walipitia Goa ilipotawaliwa na Wareno. Wako miongoni mwao Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wa Kisidi hushona mfarishi uitwao kawandi kutokana na nguo kuukuu za jamaa. Huanza pembeni, wakaongeza kiraka kwa kiraka wakizunguka kuelekea ndani, mpaka wakutane katikati. Katika pembe nne hutia vipande vilivyokunjwa kwa pembe tatu, viitwavyo phula, maana yake maua. Na mfarishi usio nayo huhesabiwa kuwa haujakamilika. Mtoto hulala juu ya kanzu ya babu yake na sari ya nyanya yake.

Mfano wa pili ni Marekani, katika jimbo la Alabama, mahali paitwapo Gee's Bend, ambapo mto umepinda kama kiwiko na kukizunguka kijiji. Wakazi wake ni wazao wa watumwa waliolima pamba. Kwa kuwa walikuwa maskini na nyumba zao zilikuwa na baridi, wanawake walikata suruali na mashati ya kazi yaliyochakaa, wakashona mifarishi ya kuwafunika watoto. Mwaka 1966, wakati watu weusi wa huko walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, wanawake wa sehemu hizo waliunda chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee, yaani ujima wa uhuru wa kushona mifarishi, wakaanza kuuza kazi zao miji ya mbali. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa katika jumba la sanaa la mji wa Houston, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ilitoa stempu za posta zenye picha zake. Nguo iliyokusudiwa kuzuia baridi ilitundikwa ukutani kama picha za mabingwa.

Tukiitazama mifano hiyo miwili pamoja na mkeka wetu, tunaona kwamba vitu ni mbalimbali lakini kanuni ni moja. Vipande vidogo visivyo na thamani vikiwa peke yake huunganishwa na watu walioketi pamoja, vikawa kitu cha kumlaza mtu. Haba na haba hujaza kibaba.

FEDHA IKIINGIA KATI

Hapana budi kusema neno juu ya fedha, maana wengi huuliza: kama kazi hii ni nzuri hivyo, kwa nini isifanywe biashara?

Inaweza, na katika pwani ya kusini wanawake wameonyesha mara nyingi kwamba wanajua kuendesha shughuli kwa shirika. Kule Gazi na kisiwani Wasini, kwa mfano, vikundi vya akina mama huendesha njia za mbao zinazopita katikati ya mikoko na matumbawe, ambazo wageni hulipa ili wapite. Vyama vya wanawake si jambo geni. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa nchini Kenya mwaka 1952, na vilabu vyake vilifundisha kushona, kufuma na usafi wa nyumba.

Lakini mkeka una shida yake. Mnunuzi huona kitu kimoja, akataja bei moja. Haoni majuma 16. Kando yake dukani kuna mkeka wa plastiki uliotoka kiwandani kwa saa chache, wenye rangi kali, unaooshwa kwa maji na sabuni. Si haki kumlaumu mama anayenunua wa plastiki kwa kuwa fedha yake haikutosha. Na msukaji anayejaribu kushindana na kiwanda kwa bei ataumia, maana kiwanda hakichoki wala hakilei watoto.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Wanaotaka kuuza wauze kile ambacho kiwanda hakiwezi: mkeka wa kipimo alichoagiza mtu, msala wa zawadi kwa anayerudi Makka, jamvi la msikiti, mkeka wa arusi wenye maua yaliyochaguliwa na bibi arusi. Tena wahesabu bei kwa pima na si kwa macho, na hesabu iandikwe katika daftari ambalo kila mmoja anaweza kulifungua. Vyama vingi havikuvunjika kwa kukosa fedha, bali kwa fedha iliyopatikana na kutosemwa wazi.

Na juu ya hayo yote, wasiuze kila kitu. Kikundi kinachosukia soko tu, kila jioni na kila ukili, kitajikuta siku moja hakicheki tena. Wale wanne wa hesabu yetu wanaweza kusuka mkeka wa kuuza baada ya kila zamu kutimia. Lakini zamu itangulie. Kwanza kila nyumba ilalie mkeka wake, kisha soko lipate.

UTUNZAJI

Mkeka mzuri hudumu miaka ukitunzwa. Ukung'utwe kila siku, uanikwe juani mara kwa mara ili kunguni na unyevu visikae ndani, wala usilowekwe maji. Ukimwagikiwa, ufutwe kwa kitambaa na kukaushwa siku hiyo hiyo. Mshono ukifumuka ushonwe mara, kabla ya mfumo haujafika ukili wa pili. Kufumuka kwa shibiri moja ni kazi ya nusu saa, na kufumuka kwa pima ni kazi ya alasiri nzima.

NENO LA MWISHO

Kuna hofu moja ambayo wazee wa Pwani huisema, kwamba kazi ya ukili itakwisha. Huenda mikeka ya plastiki ikaenea katika kila nyumba, na hilo peke yake si msiba; watu walibadili vyombo vya udongo kwa sufuria wala hawakufa. Msiba utakuwa kama, pamoja na ukili, itapotea na ile saa ya alasiri. Kama kila mwanamke atakaa nyumbani mwake peke yake na shida zake, na msichana asiwe na mahali pa kusikia maneno ya watu wazima ila njiani.

Basi tunawashauri wasomaji wetu, wa Munje na wa kwingineko, wa shamba na wa mjini. Tafuta wenzi watatu mnaopatana. Kama ukindu uko karibu, anzeni na ukili wa vidole vinne na kijiti kimoja cha kupimia. Kama mko mjini wala hakuna mkindu, chukueni vipande vya leso zilizochakaa mkashone mfarishi wa mtoto, kwa zamu na kwa hesabu ile ile. Wekeni siku moja katika juma isiyovunjwa ila kwa msiba au ugonjwa. Mpeni mkeka wa kwanza yule mwenye haja kuliko wote. Majuma 16 yatakapokwisha kila mmoja wenu atakuwa na pa kulala, na kila mmoja atalalia kazi ya mikono ya wenzake watatu.